Uwanja Nilioufagia

Hapana, Da Mwanaidi, hayakuwa mawe tu. Najua unasema hivyo kwa kunionea huruma. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, nasikia mpaka kuku wako nyuma na mteja anapiga hodi dukani, lakini kwa hili sikubali. Unasema mtoto wa miaka kumi na tisa anajua nini. Unasema si wangetundika saa kubwa ukutani, mambo yakaisha. Unasema marehemu keshakwenda kwa Mola wake, niandike mema yake na hilo la mawe nilipite. Sasa nikilipita nitaandika nini, dada yangu? Mema yake yote niliyoyajua mimi yalianzia humo humo kwenye mawe. Na wewe unanishangaza, maana siku ile jikoni hukusema "mawe tu". Siku ile ulikuwa umeshika mwiko, ukaniangalia mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Marehemu ni Areef Nasir. Areef, kwa huku Oman, ni mtu anayeshika zamu za maji ya falaj, ule mfereji wa zamani unaoteremsha maji kutoka mlimani mpaka mashambani. Yeye ndiye anayesema sasa maji ni ya fulani, sasa yahame yaende kwa fulani. Wiki iliyopita nilitoka Maskati alfajiri kwenda kwenye azaa yake, yaani matanga, katika kijiji kilichopo baina ya Nizwa na Tanuf, nikakaa upande wa wanawake juu ya zulia jekundu, nikanywa kahawa vikombe vitatu, nikatikisa kikombe kuonesha basi. Wanawake walikuwa wanaulizana kwa sauti ndogo nani atashika zamu sasa, na mmoja akasema, "Yule mzee wallahi hakushindwa hata siku moja." Mimi nikainamisha kichwa. Ipo siku moja alishindwa, na aliyemfanya ashindwe ni mimi. Nilipotoka nikakaa ndani ya gari nikamrikodia Mwanaidi habari za msiba. Kwa anayesoma haya na hamjui, Mwanaidi ni mtu wa Tanga, alikuwa akifanya kazi kwa Bibi Zayana, Nizwa, mwaka ule nilipokaa pale. Sasa karudi kwao, ana duka lake. Nilimwambia nataka kuuandika mwaka ule. Naye akanijibu hayo ya mawe.

Mwaka ule nilimaliza sekondari Ibra, nikaenda kukaa kwa Bibi Zayana, dada wa bibi yangu, nikisubiri jibu la chuo. Kusubiri nilikuwa sikujui. Daftari langu la mwaka ule ninalo hapa mezani, kila ukurasa umejaa "lini" na "mbona bado". Nilipewa chumba cha juu, dirisha lake linatazama mtende mmoja na tangi la maji. Chini kulikuwa na sebule mbili, moja ya wageni ambayo hakuna mtu aliyeikaa, na moja tuliyokaa sote chini kwenye matandiko, halafu jikoni, na jikoni ndiko nyumba ilikokuwa hasa. Mwanaidi alikuwa akiisimamisha simu yake kwenye kopo la unga, anazungumza na watu wa Tanga huku anakanda, sote tunajua habari za mtaa wao. Ijumaa alipikwa nguru wa Sur kwa nazi. Asubuhi ilikuwa mikate ya kumimina, na Bibi Zayana lazima aionje kwanza kwa ncha ya kidole, kama hakimu. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya zamani, na changu kilimuudhi.

"Bibi, kitu hizi niweke wapi?"

"Vitu hivi! Vitu hivi, mwanangu! Huko Ibra ngeli mnakula na wali?"

Mwanaidi anacheka mpaka anashika ukuta. "Muache, bibi, mtoto Mwarabu huyo."

"Mwarabu gani, kahawa kuitia hajui!"

Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na la kufanya isipokuwa mimi, na mimi sikuweza kukaa bure hata siku mbili. Ndipo Bibi Zayana aliponipeleka kwenye husn ya kijiji kile kile cha Areef. Husn ni ngome, lakini hii nikiita ngome nitakuwa naipunguza. Ngome ya Nizwa yenyewe kila mtu anaijua, mnara wake wa duara watalii wanaupangia foleni. Hii ilikuwa ndogo, ya udongo, nje ukiitazama huoni kitu cha ajabu, rangi yake na rangi ya mlima ni moja. Lakini ndani ya ukuta mmoja walikuwa wameweka msikiti, madrasa, vyumba vya wanafunzi na mwalimu wao, ghala la tende, jiko, na maji ya falaj yanapita katikati ya uwa, watu wanayatilia udhu, halafu yanachungulia chini ya ukuta wa kaskazini yanakwenda kwenye ndimu na mitende. Watu walikuja pale wakiwa wadogo kutoka vijiji vya mlimani, mpaka kutoka Al Jabal al Akhdar, wakasoma Kurani na fiqhi na hesabu za nyota, wakala tende za shamba lile lile, na adui akija mlango ukafungwa na masomo yakaendelea. Mimi nilikuwa nimetoka skuli yenye kuta nyeupe na mashine ya maji baridi inayovuja. Nilisimama mbele ya mihrabu ya msikiti ule, plasta yake imechorwa maua na herufi kwa ncha ya kisu, na baina ya maua wamebandika vibakuli vidogo vya buluu kutoka Uchina, kimoja kimepasuka na kimeachwa vivyo hivyo, nikasahau simu yangu mkononi. Nikawaza, mtu alikaa hapa akachonga ua moja siku nzima, na hakuwa na haraka. Mpaka leo nikiingia mahali pazuri moyo wangu unapima kwa mihrabu ile.

Msimamizi wa pale, tuliyemwita mudir, alinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Wageni wa Kiswahili walikuwa wameanza kuja, wazee wa Maskati waliozaliwa Unguja na Pemba, na yeye alitaka mtu wa kuwatembeza kwa lugha yao. Akanipa karatasi sita za Kiarabu. Nikazihifadhi kwa siku mbili, nikazigeuza Kiswahili, nikaziimba kama qasida. Siku ya kwanza aliniambia, "Ya ndani utayapata kwenye karatasi. Ya nje, mtafute Areef Nasir akutembeze." Nikasema inshallah. Areef Nasir alikuwa mzee mwembamba wa dishdasha nyeupe na bakora, anakaa kwenye kiukuta karibu na mlango wa kaskazini, chupa ya maji pembeni yake. Nilimdhania mzee aliyestaafu, kaja kupumzika tu. Kila akiniona aliniita. "Binti yangu, njoo siku moja nikuoneshe huku nyuma." Na mimi, "Inshallah, ammi, leo nina haraka." Katika daftari nimehesabu, alinambia mara nne. Mara ya nne nimeandika: mzee yule kanishika tena, anapenda mazungumzo.

Na ukurasa wa nne wa zile karatasi ulikuwa unaeleza saa ya kivuli. Mti mrefu unachomekwa kwenye uwanja wa wazi, na pembeni yake yanapangwa mawe kwa safu, na kivuli kikifika kwenye jiwe fulani zamu ya maji inahama. Mimi nilikuwa nawasomea wageni kwa madaha: "Zamani watu wa hapa walikuwa wakigawa maji kwa kivuli." Zamani! Ule mti wenyewe ulikuwa umesimama hatua hamsini nyuma ya mgongo wangu, unafanya kazi, na mimi nimesimama najifanya namlilia maiti.

Wiki ya mwisho ya majaribio yangu, Bibi Zayana alialika rafiki zake saba kutoka Maskati, wamesoma pamoja Unguja, aje nao husn niwatembeze. Ilikuwa siku ya Ijumaa, mudir alikubali kutufungulia alasiri kwa ajili yao tu. Mimi nikawaza magoti yao. Kwenye mlango mkubwa wa kusini gari zinasimama mbali, kuna kupanda. Mlango wa kaskazini uko sawasawa na ardhi, na mbele yake pana uwanja, ila uwanja wenyewe ulikuwa na fimbo ndefu katikati na mawe mawe yamelala ovyo, basi la kina bibi litapita wapi? Hilo ndilo nililoliona mimi. Ovyo. Adhuhuri wanaume wote walikwenda Ijumaa, kijiji kimya, nikalichukua toroli la Alam, mfanyakazi wa bustani, mtu mzima kutoka Bangladesh ambaye naye alikuwa kenda kusali, nikaanza kuokota. Mawe mengine yalikuwa yamezama ardhini nusu, ikabidi niyachimbue kwa jembe, nikajikwaruza kidole, na hata hapo sikujiuliza jiwe gani linashika ardhi namna ile. Fimbo nilijaribu kuing'oa, ilinishinda, nikaiacha. Halafu nikafagia uwanja mzima kwa chelewa mpaka ukawa na mistari. Mawe yalikuwa meupe mazuri, sikutaka kuyatupa, nikayaingiza ndani nikayapanga huku na huku pembezoni mwa njia, kutoka mlangoni mpaka uwani kwa msikiti. Yalipendeza wallahi. Nikapiga picha. Toroli nikaliacha nje, karibu na uwanja, na mchanga wake.

Kina bibi walifika wananuka udi, na bakuli la vileja wamelipakata kama mtoto. Nikatoa shikamoo saba nikapata marahaba saba. Mbele yao alikuwa Bi Sheikha, mnene, mcheshi, ambaye alipouona ule mlango mdogo uliokatwa ndani ya lango la kaskazini akasimama.

"Mimi hapa nipite wapi?"

"Pita ubavu, Sheikha," mwenzake mmoja akamwambia, "kama ulivyokuwa ukitoroka skuli."

"Ubavu wa siku zile nilikuwa nao, Nunu. Sasa nina ukuta."

Tukamvuta, tukacheka, tukaingia. Na jambo la kwanza alilolisema Bi Sheikha alipokaa sawa lilikuwa, "Tazameni njia yenyewe, walivyoipamba kwa mawe! Nani kafanya?" Mimi nikasema, "Mimi, bibi." Bibi Zayana akanitazama kwa jicho la fahari ambalo sijawahi kuliona tena kwake. Nilijiona nimefika. Chuo kijibu kisijibu, mimi hapa ndipo mahali pangu.

Ziara yenyewe ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo kwa sababu ya yaliyofuata. Kwenye ghala la tende niliwaonesha sakafu ilivyochongwa mifereji mifereji, vikapu vya tende vinapangwa juu yake mpaka darini, uzito wa juu unaminya wa chini, na asali inachuruzika yenyewe mpaka kwenye mtungi. Nikawaambia wakati wa vita waliichemsha wakammwagia adui kichwani kutoka kwenye tundu la juu ya mlango. Bi Sheikha akashika shavu. "Haramu! Kumwagia mtu asali nzuri namna hiyo. Si wangemmwagia uji." Kwenye vyumba vya wanafunzi walikwenda moja kwa moja kwenye kuta. Kuta zina zidaka, zile nafasi zilizokatwa ukutani za kuwekea vitabu na taa, na Bi Nunu, mdogo kuliko wote kwa umbo, akaingiza mkono kwenye kimoja mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. "Zidaka," akasema. "Kama za nyumbani. Mama alikuwa akiweka mashumu yake ya asumini humu." Hakuna aliyemharakisha. Mimi mwenyewe, mimi mwenye haraka, nilisimama. Nikaona kwamba walioijenga Unguja yao na walioijenga husn hii walikuwa na mkono mmoja, na jambo hilo halikuwemo kwenye karatasi zangu sita. Mbele ya mihrabu walisali rakaa mbili, walioweza kusimama wamesimama, wasioweza wamekaa, na maji yanapita uwani, na nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Tulikuwa juu ya paa tuliposikia sauti za watu chini, upande wa kaskazini. Watu wawili walikuwa wanabishana kwa Kiarabu. Hamdan, mwenye shamba la ndimu, alisema zamu yake ya maji bado haijesha. Jirani yake Said alisema imekwisha zamani, na kila wanavyobishana maji yanazidi kuingia kwa Hamdan na mitende yake yeye michanga inakauka. Baina yao alisimama Areef Nasir na bakora yake, anaangalia chini. Kivuli cha ule mti kilikuwepo, cheusi, kimelala vizuri juu ya uwanja wangu uliofagiwa, na hakuna jiwe hata moja la kukigusa. Hapo ndipo nilipofahamu.

"Sema wewe, ammi," Said akamwambia. "Ukisema wewe, tumekubali."

Areef Nasir aliinama kuutazama uwanja. Akaenda hatua mbili, akarudi, akaparuza ardhi kwa ncha ya bakora kama anatafuta kitu kilichozikwa. Halafu akasema, "Sijui."

Hamdan aligeuka akamtazama kwa hofu, hofu ya mtoto anayemuona baba yake analia. Ugomvi ukakatika pale pale. Said akatoa simu yake, akasema basi tutumie saa, nusu saa nusu saa. Areef akatikisa kichwa. Alizungumza polepole, na paa letu halikuwa juu sana, nilisikia kila neno. "Baba yako hakukurithisha nusu saa, alikurithisha kivuli baina ya jiwe na jiwe. Siku za joto jua ni refu, fungu lako refu. Siku za baridi fungu fupi, na la mwenzako fupi vile vile. Nikikupa kwa saa, nitamdhulumu yeye au nitakudhulumu wewe, na nitakufa sijui nani." Akaongeza kwamba kuyarudisha mawe kutataka akae pale siku nyingi, alfajiri mpaka magharibi, na macho yake siyo yale.

Mudir akatoka mbio, akaona uwanja, akaona toroli. "Alam!" Alam akaja kutoka bustanini, mikono ina matope. Mudir akamuonesha toroli, akamuonesha uwanja, na yule mtu akarudi nyuma hatua moja. "Ana ma sawwi, mudir. Ana sallaa." Kiarabu chake cha kuokota kazini: mimi sikufanya, mimi nilikuwa nasali. Mudir akamuuliza nani mwingine anafagia hapa, au ni mashetani? Akasema Jumapili ataipigia simu kampuni iliyomleta wamrudishe huyu kwao, walete mwingine. Areef akasema, "Muache kwanza," lakini kwa sauti ya mtu anayewaza jambo jingine, na mudir hakuisikia au alijifanya hakuisikia.

Bi Sheikha aliegemea ukuta karibu yangu anachungulia. "Maskini, yule Mbangali kafanya nini?"

"Sijui, bibi," nikasema. "Njooni huku, kuna tundu la mzinga."

Na tukaenda kwenye tundu la mzinga. Nilieleza mzinga, nilieleza baruti, nilieleza unene wa ukuta, sauti yangu inakwenda peke yake, haikutetemeka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo nikiukumbuka mwaka ule, namna sauti yangu ilivyokuwa nzuri. Tulipokuwa tunatoka, kina bibi walipita baina ya yale mawe meupe wakinisifu, na Alam alikuwa amechuchumaa nje ya mlango anatazama mikono yake. Hakunitazama. Hakuwa na sababu ya kunitazama, kwake mimi nilikuwa binti wa watu, mjukuu wa wageni.

Nyumbani, baada ya magharibi, Bibi Zayana alikaa sebuleni na simu, anawapigia waliokuja na wasiokuja. "Mjukuu wangu kawaliza! Nunu kalia kwenye kidaka!" Mimi nikaingia jikoni. Mwanaidi alikuwa anakaanga vitunguu vya wali wa usiku, akaniuliza mbona uso umekauka, kina bibi wamekula vileja vyote nini. Nikamwambia yote. Mawe, toroli, Alam, simu ya Jumapili. Nilisema haraka haraka, na nilipomaliza nikaongeza, "Mudir atanikataa, Da Mwanaidi. Wiki hii ndiyo anaamua. Na Bibi Zayana atasemaje, keshawatangazia watu wote."

Hapo ndipo ulipozima jiko, Da Mwanaidi. Unakumbuka? Vitunguu bado vyeupe, ukazima.

"Wewe unamlilia nani sasa?" ukaniuliza.

"Silii."

"Nakuuliza. Maana nimesikia mudir, nimesikia bibi, nimesikia majaribio. Huyo Alam nimemsikia mara moja tu."

Nikasema nitakwenda kwa Areef, maji ndiyo ya haraka, mengine yatafuata. Nilikuwa nimeshalipanga kichwani, kwanza Areef, yeye ni mpole, atanisamehe, halafu yeye ndiye atakayezungumza na mudir, na mudir atamuacha Alam, na pengine jina langu halitatajwa kwa nguvu. Mwanaidi alifuta mikono kwa kanga yake, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akanihadithia nyumba aliyofanya kazi kabla ya hii, Maskati, ilivyopotea bangili ya mwenye nyumba. Walimpekulia begi lake mbele ya watoto aliokuwa akiwaogesha. Siku tatu hakula kwenye sahani yao. Siku ya nne bangili ikaonekana kwenye mfuko wa abaya ya mwenye nyumba mwenyewe. "Unajua walinambia nini? 'Khalas, imeonekana.' Basi. Kila mtu pale aliambiwa mwanzo kwamba Mwanaidi mwizi. Aliyeambiwa mwisho kwamba Mwanaidi si mwizi ni mimi, na mimi nilikuwa najua."

Nikaanza kukusanya maganda ya vitunguu.

"Areef ana kijiji kizima cha kumtunza," akasema. "Mudir ana ofisi. Maji yatapita, hayana akili ya kusimama. Yule mtu usiku huu analala na nani? Anampigia nani simu, mkewe? Anamwambia nini? Kwamba atarudi kwa kosa asilolijua?"

"Lakini nikianza kwake yeye, hana la kufanya. Hawezi hata kunisamehe kitu."

"Ndiyo uanze kwake," akasema. Akainuka akawasha jiko. "Nipe chumvi."

Nilimpa chumvi. Niliogopa sana, nataka hilo lijulikane, maana wale wanaosoma kumbukumbu za watu wanadhani mtu akishaelewa anakuwa shujaa. Mimi nilielewa na bado niliogopa. Nilimuogopa mudir, niliogopa uso wa Bibi Zayana atakapopokea simu kutoka kwa Bi Sheikha, niliogopa zaidi ya yote kukaa mbele ya Areef Nasir, aliyeniita mara nne anioneshe kitu, nikaja kuoneshwa na kivuli kitupu. Na nilikuwa naona hasara yangu mwenyewe. Mahali pale nilipapenda kuliko mahali popote nilipopajua, zidaka zile, mihrabu ile, harufu ya tende iliyokwama kwenye sakafu ya ghala mpaka leo, na nilikuwa naona nikifungua mdomo tu mlango wake unafungwa mbele yangu. Lakini kitu kimoja kilikuwa kimebadilika. Asubuhi ya siku ile nilipapenda kama mtu anavyopenda picha. Sasa nilijua kuwa kuna watu wanakunywa na kulima kwa mahali pale, na kuna mtu mmoja analala chumba cha bati nyuma ya pampu ya bustani ambaye anapafagia kila siku na hajawahi kung'oa jiwe lake hata moja. Yeye alijua. Hakuna aliyempa karatasi sita, na alijua.

Tulikula. Bibi Zayana alinimegea ubavu wa nguru kwa mkono wake mwenyewe, na nikaumeza. Halafu nikapanda juu, nikafungua daftari, na ukurasa wa Ijumaa ile una mistari michache tu, herufi kubwa, kalamu imekandamizwa. Niliandika kwamba kesho Jumamosi nitaamka na adhana ya kwanza, nisingoje chai, nimuamshe Mwanaidi anifungulie geti. Kwamba nitakwenda moja kwa moja nyuma ya pampu, nibishe, na nimwambie Alam kwa Kiarabu atakachokifahamu kwamba ni mimi, si yeye. Kwamba sitamuomba aninyamazie wala anionee huruma. Nitamuomba tufuatane, yeye na mimi, mpaka kwa Areef Nasir, kisha sote watatu nyumbani kwa mudir kabla hajatoka, na mlango ukifunguliwa, mimi ndiye nitakayeanza kusema. Na nilikwenda, Da Mwanaidi; mema ya Areef nitakayoyaandika yanaanzia hapo.